Kusine Ilikufa

Mimi ni mtu wa hasira. Naanza kwa kusema hivyo ili msishangae huko mbele. Nimeendesha jipu ya kizee kati ya Baraka na Fizi kwa miaka, na dereva mpole wa njia ile bado sijakutana naye. Mawe yake yanakunyang'anya upole kidogo kidogo, kila siku jiwe moja. Lakini liko juma moja ambalo nikilikumbuka hasira hunitoka yote, nikabaki mdomo wazi. Juma hilo lilitanguliwa na mlio mdogo chini ya miguu yangu: tok, tok, tok.

Niliusikia siku saba nzima kabla ya safari. Nikamwaga mafuta mazito ya lori kwenye moteri, injini yenyewe, mlio ukapoa. Nikaongeza sauti ya redio, ukaisha kabisa. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshajichimbia kaburi.

Na safari yenyewe haikuwa ya kuchezea. Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea pale Baraka, karibu na msikiti. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Kilembwe, kule ndani milimani, kupita Fizi. Kwetu mtoto wa shangazi si dada. Tunamwita kusine, neno la Kifaransa tulilolizoea hadi tukasahau kwamba lilikuja na wageni. Kusine ni mtani wako wa kuzaliwa. Huyu wangu alinitania tangu tulipokuwa tunakula sahani moja. Nilipopata kibali cha kuendesha gari alitangaza mtaa mzima kwamba sasa mbuzi wa Baraka wakae ndani.

Alikuwa na mimba ya pili, ya miezi tisa. Ile ya kwanza, uchungu ulipomshika, walimteremsha kwa pikipiki juu ya mawe yale, na mtoto akafa kabla hawajafika Fizi. Daktari wa Baraka alimwambia wazi: nyonga zako ni nyembamba, huyu wa pili tutamtoa kwa kukupasua, na uwe hapa kabla uchungu haujaanza. Jumamosi ndiyo mwisho. Angekuja mapema, lakini mvua ilibomoa daraja la njia ya kwao, likakaa juma mbili bila kutengenezwa. Pikipiki alikataa hata kuitazama. Daraja lilifunguliwa Jumapili, Jumatatu asubuhi nikaondoka kumchukua. Shangazi alishika mlango wa jipu, akaniangalia usoni, akasema neno moja tu.

"Umulete."

Kwenye mlima wa kuingia Fizi ule mlio ulirudi, na safari hii haukuogopa mafuta wala redio. Ngo! Ngo! Ngo! Kama mtu aliyefungiwa ndani ya moteri anagonga atolewe. Nikazima. Nikashuka nikapiga teke gurudumu, nikatukana mlima, nikaitukana jipu, nikamtukana na aliyeniuzia yale mafuta mazito. Mlima haukujibu. Lori la mihogo lilinifunga mnyororo likanivuta mpaka Fizi, nikaingizwa garaji, pembeni ya soko, nikiwa nyuma ya usukani wa gari lililokufa, watu wa soko wakinipungia mikono kwa dhihaka.

Fundi wa pale alikuwa mtu mfupi, mnene, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina kucha. Hakunisalimu. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanusa, akasugua tone kati ya vidole.

"Hii makelele ulianza kusikia siku gani?"

"Leo."

"Leo?" Akaninyooshea kijiti. "Na hii mafuta ya lori, nani alimwanga? Leo pia?"

Nilikuwa na jibu la hasira, lakini lilikosa pa kusimama.

Akachukua bisibisi ndefu. Ncha yake akaiegemeza kwenye ubavu wa moteri, mpini akaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lake, akafumba macho. "Washa. Pumuzi tatu tu, uzime." Nikawasha, nikazima. Akahamisha ncha. "Tena." Mara nne. Halafu akafungua macho akainua vidole vitatu. "Ni ya tatu. Zingine ziko zinaugua, lakini ya tatu ndiyo ilikufa."

Sikumwamini. Mtu atajuaje, kwa mfupa wa kichwa, kinachotokea ndani ya chuma kilichofungwa? Asubuhi yake, Jumanne, alilala chali kwenye shimo chini ya jipu, akamwaga mafuta kwenye beseni, akayageuza juani. Yalikuwa yanametameta, kama maji ya kuoshea ndagala, wale dagaa wa ziwani, yanavyojaa magamba. Kilichometameta ni chuma changu mwenyewe, kimesagwa kuwa unga. Halafu akafungua karteri, lile bakuli la chini la moteri, akaniita nishuke shimoni nione.

Nieleze hapa, maana hata mimi, dereva wa miaka, nilikuwa sijui. Pistoni hupanda na kushuka. Mkono wake unaitwa biyeli, na biyeli imeshika ule mti mkubwa wa chuma unaozunguka na kusukuma gari zima. Kati ya biyeli na mti huo kuna vipande viwili vya chuma laini, vyembamba karibu kama ganda la yai, kila kimoja nusu duara. Vikikutana vinakuwa pete. Pete hiyo ndiyo inayopokea kishindo chote cha moto. Waliosoma wananiambia jina lake kwa Kifaransa maana yake ni kimto, kimto kidogo cha kulalia. Midomo yetu imelikata mkia likawa kusine. Ndiyo, kusine. Neno moja na mtoto wa shangazi. Mafundi wote wa Baraka na Fizi wanasema hivyo, na hakuna aliyewahi kudhurika nalo, mpaka mimi.

Akafungua ya kwanza: imechakaa. Ya pili: imechakaa. Ya tatu akanipa mkononi. Ilikuwa imeliwa hadi shaba yake imetokeza, imekunjika pembeni, nyeusi kwa kuungua. Ya nne ilikuwa kama ya kwanza. Nikamtazama yule mtu na mfupa wake wa sikio, na nywele zikanisimama. Wallahi, nilisikia aibu kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

"Naweza kuweka kipande cha bati nyuma yake, ikaze kidogo?" nikauliza. "Nifike Kilembwe na kurudi tu."

"Weka," akasema. "Halafu utakuwa kule katikati ya pori na mama wa mimba, moteri imeshikana, na utanikumbuka mimi na bati yako." Akanigeuzia mgongo. "Tuma batu balete kusine mupya. Zote."

Simu pale Fizi ilishika kwenye kilima nyuma ya soko, na hata hapo kwa kubahatisha. Nikapanda mbio. Shangazi akapokea. Upepo, mbuzi, mtandao unakatika. Nikapiga kelele kama mtu anayezama:

"Shangazi! Kusine ilikufa! Mufanye mbio, mutume..."

Ikakata. Nikapiga tena, hakuna. Nikapiga mara kumi, hakuna. Lakini moyo wangu ulitulia, maana alikuwa ameitika. Nilisikia "Ee!" yake kabla ya kukatika. Nikateremka kilima nikipiga mluzi, mpumbavu mimi.

Kwa Kiswahili cha vitabu, mtu amekufa, kitu kimekufa, na shangazi angejua tofauti. Lakini sisi hatuzungumzi vitabu. Kwetu mtu na kitu hupewa i ile ile, na neno ni iko: yupo, lipo, kipo. Mutoto iko, chungu iko, ziwa iko, Mungu iko. Redio ilikufa, na jirani ilikufa, na hakuna anayekukosoa. Nimelipenda neno hilo maisha yangu yote kwa sababu halibagui, na siku ile halikubagua.

Jumatano mchana pikipiki ikaingia garaji imefunikwa vumbi. Aliyeiendesha nilimjua, kijana wa mtaa wetu, mcheshi, mtu wa kelele. Lakini alishuka kimya, akavua kofia yake, akanipa kifurushi kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi. Kusine nazo ni nyepesi. Nikakifungua nikicheka.

Kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa. Ndani yake pamba na kipande cha kafuri.

"Pole sana, yaya," akasema, jina letu la kumwita kaka mkubwa. "Shangazi yako anasema musimuzike kule. Mumuoshe muzuri, mumufunike na hii, mumulete Baraka. Batu bote biko pale nyumbani."

"Kumuzika nani?"

Akainamisha kichwa. "Kusine yako."

Nikakaa kwenye gurudumu lililolala pale, sanda mapajani. Simu ya Kilembwe haikuwa imeshika tangu mvua. Mnara wao ulikuwa umenyamaza. Basi nikafikiri: habari zimeshuka kwa njia nyingine, zimefika Baraka kabla yangu, na mimi nilikuwa hapa nabishana kuhusu bati. Uchungu ulimshika. Jipu haikufika. Wakampakia tena kwenye pikipiki. Niliyaona yote kana kwamba nilikuwepo. Nikalia kwa sauti, mwanaume mzima, katikati ya soko la Fizi, na yule kijana akaanza kulia na yeye, na wanawake wa soko wakakusanyika wakashika vichwa.

Kutoka shimoni, chini ya jipu, sauti ya fundi ikauliza bila haraka:

"Kusine gani?"

"Kusine yake, bwana!" kijana akajibu kwa uchungu. "Mutoto wa shangazi yake!"

"Na nani aliwaambia alikufa?"

"Si yeye mwenyewe! Jana! Alipiga simu!"

Nikaacha kulia katikati ya pumzi. Nikasikia bisibisi ikiwekwa chini kwenye saruji, polepole, kisha kicheko kikaanza kule shimoni, kidogo kidogo, mpaka jipu ikawa kama inacheka yenyewe. Wanawake wa soko walipoeleweshwa walianguka kwa kicheko. Mke wa fundi, aliyekuwa anauza samaki pale mbele, alijifuta machozi na kitenge chake akasema, "Ninyi batu ya Baraka! Haraka yenu haina baraka hata kidogo!"

Mimi nilicheka, nikalia, nikacheka. Kisha nikatulia ghafla, maana niliona nyumba ya shangazi. Mikeka imetandikwa. Wanawake wamekaa. Yeye katikati, siku ya pili sasa, anaomboleza mtoto wake wa pekee, kwa neno langu. Na siku mbili zimepotea, na kusine za chuma hazijanunuliwa.

Nikaandika barua kwenye karatasi ya daftari: Kilichokufa ni chuma. Mtu ni mzima. Nikampa kijana pamoja na kipande kimoja cha zamani, kilichoandikwa kipimo chake mgongoni, amwonyeshe muuza vipuri. Alipoondoka ndipo maneno yangu yalinirudia. Mtu ni mzima. Nani alikuwa ameniambia? Nilikuwa sijamwona. Nilikuwa nimemwapia mama yake jambo nisilolijua, na kama haikuwa kweli, basi ningekuwa nimemuua mara mbili.

Alirudi Alhamisi asubuhi na sanduku dogo la karatasi. Kusine nane ndani ya mafuta, zinang'aa. Na neno la shangazi: amekubali kununua chuma, lakini haamini barua. Watu hufariji kwa uongo, anajua, na yeye amewahi kufariji wengine hivyo hivyo. Mikeka haitaondolewa mpaka aone kwa macho. Na ile sanda nikae nayo.

Sasa hapa ndipo ningependa kunyamaza niwaonyeshe tu mikono ya yule fundi, lakini maneno ndiyo niliyonayo.

Mti wa chuma ulikuwa umekwaruzwa pale kusine ya tatu ilipofia. Akaniomba kamba ya kiatu. "Yangu?" "Unaona mwingine mwenye viatu ya kamba hapa?" Akaziba tundu la mafuta kwa kijiti cha kiberiti, akazungusha utepe wa msasa laini kwenye chuma, juu yake akaviringa kamba yangu mara mbili, akaanza kuvuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, akiimba wimbo wa kwaya chini kwa chini. Saa nzima. Alipomaliza akaosha kwa mazutu, ile dizeli, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma. Akaurudisha. Akaita mkewe naye apitishe wake. Ukucha haukukwama popote.

Kisha akataka mahali safi pa kuweka kusine mpya. Vitambaa vya garaji vilikuwa vyeusi, na upepo wa Fizi siku ile ulibeba mchanga. Jicho lake likatua kwenye kifurushi changu.

"Hapana!" nikasema. "Ile ni sanda."

Mkewe ndiye aliyenijibu, bila kugeuka kutoka kwenye samaki wake. "Kitambaa haijui kazi yake. Ni wewe unaipatia kazi."

Nikaitandika mezani mwenyewe, na fundi akazipanga kusine juu yake, mbili mbili. Alipokuwa anaziweka, dole gumba lake likagusa pembe ya kitambaa likaacha alama nyeusi ya mafuta. Nikatoa ukelele. Akaomba msamaha kwa kunung'unika, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akiomba msamaha.

Kila biyeli ina kofia yake, kile kipande cha chini kinachofungwa kwa nati mbili, na alikuwa ameziwekea nukta kwa msumari: moja, mbili, tatu, nne. Nikataka kusaidia nikazipangusa mafuta, nikazichanganya. Loo! "Kila kofia na biyeli yake!" akafoka. "Wewe siku ya kuoa uliingia nyumba ya jirani?" Soko zima likacheka, na mimi mwenye hasira nikacheka nao.

Kisha alileta kitabu chake cha nyimbo. Nilidhani anataka kuomba. Kumbe ndani, kati ya kurasa, alikuwa amehifadhi karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, zimenyooshwa vizuri. Yeye havuti, huziokota. Akakata utepe mwembamba, akauweka kati ya kusine na chuma, akafunga kofia, akajaribu kuzungusha moteri kwa mkono. Ikakataa. Akafungua, akautoa utepe, akafunga tena. Ikazunguka. "Unaona?" akasema. "Nafasi iko, lakini ni ndogo kuliko karatasi. Mafuta ndiyo inapita pale. Hakuna kingine kinapita." Nikaushika ule utepe kwenye mwanga. Upepo ukautoa vidoleni mwangu. Uhai wa kusine wangu ulikuwa unategemea nafasi ndogo kuliko kile kitu.

Zikabaki nati. "Mukono unachoka," akaniambia. "Ukichoka unadanganya. Nati ya kwanza unaikaza sana, ya mwisho kidogo, na njiani biyeli inatoka nje kukusalimia." Basi mkewe akainuka na mizani yake ya samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Fundi akatia bomba kwenye mpini wa ufunguo. Kwenye bomba palikuwa na alama ya msumeno, nusu mita kamili kutoka kwenye nati. Ndoano ikashikwa pale. Akavuta mizani, polepole, na mkewe akainama shimoni kusoma, jicho lile lile linalowashinda wanunuzi kila siku.

"Kumi... kumi na moja... kumi na mbili. Acha!"

Nati nane. Mara nane alisema acha, na mara nane mkono wa mumewe ulisimama pale pale. Hawakuangaliana hata mara moja. Sijaona watu wawili wakiaminiana namna ile, si msikitini, si kwenye ndoa nyingine yoyote.

Karteri ikafungwa, mafuta mapya yakamwagwa, safari hii ya kweli. Tukazungusha moteri bila kuiwasha mpaka taa ya mafuta ikazimika, ndipo akasema washa. Nikawasha. Akaniita, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa moteri na mpini nyuma ya sikio langu. Nilisubiri tok. Nikasikia mvumo tu, sawasawa, laini, na chini ya mvumo hakuna kitu.

"Chuma haigusane na chuma," akaniambia kwenye sikio lingine. "Inaelea juu ya mafuta. Elfu na elfu ya kuzunguka, haigusane. Siku inagusana, ndiyo kufa." Nikasimama pale nimeinama kama mtu anayerukuu kwenye sala. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekalia muujiza huo nikiongeza sauti ya redio.

"Usikimbize," akaongeza. "Ni mupya. Hata ukiona simba, tembea."

Ijumaa nilifika Kilembwe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mikeka, kwa ukimya, kwa watu wanaotazama chini. Nikakata kona ya mwisho sijui kama napumua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mti mbele ya nyumba, tumbo limefika magotini, anamenya karanga.

"Tangu Jumatatu!" akapiga kelele hata sijazima. "Gari yako inatembeaka na magoti?"

Nikashuka nikakaa chini mbele yake kwenye vumbi, nikaushika mguu wake uliovimba, nikalia.

"Ala! Nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia.

Alipoelezwa alicheka mpaka mumewe, mwalimu wa pale, akamwomba aache asije akazaa. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na mama anaamini mpaka sasa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akainuka. "Twende."

Njia ile haipitiki usiku, tukaondoka alfajiri ya Jumamosi, mume akabaki na wanafunzi wake, angetufuata. Mpaka Fizi alinitania kila jiwe. Fundi na mkewe walitoka kumwona. Mke akamgusa tumbo, fundi akagusa boneti ya jipu, kila mtu na mgonjwa wake. Lakini tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani akaacha kutania. Nikamtazama. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, jasho puani.

"Imeanza?"

"Endesha."

Mungu wangu. Mguu wangu wote ulitaka kukanyaga. Hasira yangu yote ilikuwa kwenye kisigino. Na masikioni nilisikia: tembea. Nilikuwa na kusine mbili ndani ya gari moja, na zote mbili haraka ingeziua. Nikatembea. Kila jiwe nililizunguka kama yai. Nilizima redio, nikasikiliza moteri kwa sikio moja na pumzi zake kwa lingine, na moteri haikugonga hata mara moja, si kwenye mashimo, si kwenye kona, mpaka ziwa likafunguka mbele yetu, jeupe kwa jua la saa nne.

Barabara ya hospitali inapita mbele ya nyumba yetu. Mikeka ilikuwa imejaa mpaka njiani. Nikasimama. Watu wakatazama. Shangazi alitoka katikati yao, nywele zimefunikwa, macho yamevimba, akaja mpaka dirishani. Hakumkumbatia binti yake. Alimshika kifundo cha mkono, akakibana kwa vidole, akangoja, kama anayehesabu. Kisha akaingia nyuma, akafunga mlango, akavua kandambili yake akanipiga nayo kichwani.

"Endesha," akasema.

Walimpasua mchana huo. Mimi na shangazi tulikaa kwenye benchi la nje. Muuguzi akatokea mlangoni kuuliza nguo ya kumpokelea mtoto. Zile nguo ndogo shangazi alizozishona kwa miezi mitatu, Jumanne ile ile alikuwa amezigawa zote. Muuguzi akasubiri. Nikaenda kwenye jipu, nikarudi na ile sanda, niliyoikunja tena na kafuri yake. Shangazi aliitazama muda mrefu. Nikafikiri ataitupa. Akaikunjua, akaitikisa ile kafuri ikaanguka, akampa muuguzi kwa mikono miwili.

Walimleta amefungwa ndani yake, msichana, amekasirika, analia kwa nguvu zake zote. Mama yake ni mzima, wakasema, anaamka. Pembeni, karibu na shavu la mtoto, ile alama nyeusi ya dole la fundi ilikuwa bado inaonekana, na shangazi hakuificha.

Akanipa simu yake. "Piga kwa bwana yake. Na leo useme muzuri."

Mnara wa Kilembwe ulikuwa umeanza kukohoa tena. Ikaita, ikakwaruza, mwalimu akapokea, na nikasikia kwamba itakatika sasa hivi, kama siku ile. Nilikuwa na muda wa neno moja. Nikapiga kelele hadi uwanja mzima wa hospitali ukageuka:

"Iko!"